Ukurasa Haufunguki: Utoe Elfu Tatu au Laki Tano?

Chrome ikikuandikia kwamba muunganisho wako si wa faragha, haikwambii ugonjwa uko wapi wala utakugharimu kiasi gani. Kwenye kompyuta moja onyo hilo huisha kwa betri ndogo ya duara inayouzwa elfu chache. Kwenye nyingine ya umri uleule, haliishi hata ukimwaga laki mbili. Katikati yupo mteja aliyebeba mashine kutoka Uyole hadi Kabwe jijini Mbeya, au kutoka Kihesa hadi Miyomboni mjini Iringa, na mara nyingi jibu analopewa ni moja: "Tuipige Windows."

Jibu hilo lilitosha zamani, kompyuta ilipokuwa ya kuchapa barua na kusikiliza muziki. Leo mkopo wa HESLB unaombwa mtandaoni, kazi za serikali zinaombwa kupitia Ajira Portal, leseni ya biashara iko kwenye TAUSI, jina la biashara linasajiliwa kwenye mfumo wa BRELA, na tangu 2023 zabuni za umma ziko NeST. Mbeya ina vyuo vikuu vya MUST na TEKU na kampasi ya Mzumbe. Iringa ina Mkwawa, RUCU na Chuo Kikuu cha Iringa. Katika miji ya namna hii kivinjari kikigoma, kinachosimama ni ada, ajira na biashara.

Makala haya yanapanga njia zote za kutokea kwa ngazi ya bei, kuanzia zile za bure hadi za malaki. Kila njia tumeiuliza swali moja: shilingi zako zinanunua miaka mingapi ya kufungua kurasa kwa usalama?

Unanunua miaka

Kivinjari huzeeka pamoja na mfumo endeshi ulio chini yake. Microsoft ilifunga huduma ya Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023 na Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Watengeneza vivinjari hufuata nyuma. Chrome ya mwisho kwa XP na Vista ni toleo la 49. Kwa Windows 7 na 8.1 ni toleo la 109, lililotoka Januari 2023, na Edge nayo iliishia namba hiyohiyo. Firefox ina huruma zaidi: wenye Windows 7 na 8.1 wamebakiziwa toleo la 115 la muda mrefu, ambalo Mozilla imelisogezea siku ya mwisho zaidi ya mara moja. Hata hivyo, huo ni muda wa nyongeza, na refa anaweza kupuliza wakati wowote.

Kivinjari kikishasimama, tovuti haziachi kwenda mbele. Watengenezaji wa mifumo huandika kurasa kwa lugha mpya ambayo kivinjari cha zamani hakiielewi, ndiyo maana unabonyeza "Wasilisha" na hakuna kinachotokea. Mwaka 2020 vivinjari vikubwa viliachana na njia kongwe za kufunga mawasiliano kwa siri, TLS 1.0 na 1.1, na seva nyingi nazo zikazifunga. Kivinjari kisichojua TLS 1.2 hubaki nje ya mlango. Kisha kuna vyeti vya kidijitali, vinavyothibitisha kwamba tovuti ni yenyewe. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama kimoja cha zamani, DST Root CA X3, kilifika mwisho, na mashine ambazo hazikuwa zimesasishwa zikaanza kukataa tovuti zisizo na kosa lolote. Tarehe 14 Machi 2025 ikaja zamu ya cheti cha ndani cha Firefox: matoleo ya chini ya 128, isipokuwa 115.13 na yaliyofuata katika mkondo wa muda mrefu, yakaanza kupoteza viongezi (add-ons) vyake.

Kwa hiyo tatizo lako linaweza kuwa kwenye saa, kwenye kivinjari, kwenye mfumo endeshi au kwenye vyuma vyenyewe. Kila tabaka lina bei yake. Ukilipia tabaka la bei kubwa kabla ya kukagua la bei ndogo, unaweza kulipa mara mbili.

Kabla ya kutoa hata mia

Kipimo cha kwanza ni simu. Washa hotspot ya simu, unganisha kompyuta, kisha fungua ukurasa uleule kwenye simu yenyewe. Ukikataa kote kuwili, kompyuta haina kosa: mtandao ni dhaifu au mfumo umeelemewa, jambo la kawaida siku za mwisho za maombi. Subiri usiku au alfajiri. Hapo umeokoa pesa ya fundi.

Ukifunguka kwenye simu na kukataa kwenye kompyuta, tazama saa na tarehe pembeni mwa kioo. Kompyuta inayoamini kwamba tupo mwaka 2009 itaona vyeti vyote vya leo kuwa bado havijaanza kazi. Kwenye Chrome utaona maandishi NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Rekebisha tarehe, funga kivinjari, fungua tena.

Saa ikiwa sawa, fungua ukurasa katika dirisha la faragha: Ctrl+Shift+N kwenye Chrome, Ctrl+Shift+P kwenye Firefox. Ukikubali humo, tatizo ni vidakuzi (cookies) vya zamani au kiongezi fulani. Futa data ya tovuti hiyo, zima viongezi vyote, kisha viwashe kimoja kimoja. Fomu ikishindikana kuchapishwa, angalia upande wa kulia wa sehemu ya anwani: huenda kivinjari kimezuia dirisha jipya ambamo PDF ingefunguka.

Kipimo cha mwisho cha bure ni kujaribu Firefox kama unatumia Chrome. Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya vyeti vinavyoaminika, haitegemei ile ya Windows pekee. Ikifungua ukurasa ambao Chrome imeukataa kwa sababu ya cheti, huenda Windows au Chrome yako ndiyo iliyoachwa nyuma. Unaweza kuendelea na Firefox hiyo kwa muda, huku ukipanga cha kufanya.

Onyo la vyeti likitokea kwenye tovuti ya benki au ya serikali, usibonyeze "endelea hivyo hivyo" ili tu kumaliza kazi. Hapo ndipo namba ya NIDA na nywila huibiwa.

Elfu chache: betri ya saa

Tarehe ikirudi nyuma kila unapozima umeme, betri ya ubao mama imekufa. Ni betri ya volti 3, mara nyingi yenye namba CR2032, na huuzwa hata kwenye maduka ya saa na rimoti. Kwenye kompyuta ya mezani kuibadilisha ni kazi ya bisibisi na dakika chache. Chomoa waya wa umeme kwanza. Kwenye kompyuta mpakato huenda ikabidi kufungua mgongo wote, na baadhi ya aina zina betri yenye waya wake, basi mwachie fundi.

Kompyuta ya mezani inayochomolewa ukutani kila jioni kwa kuogopa radi na umeme wa kukatika huimaliza betri hii mapema, maana saa haina pengine pa kula. Usiache kuchomoa, radi za Novemba hadi Aprili katika nyanda hizi si za kubahatisha. Nunua betri mbili tu badala ya moja.

Katika ngazi zote za makala haya, hii ndiyo yenye faida kubwa kwa kila shilingi, mradi ugonjwa uwe huo.

Bando nalo ni gharama

Watu huhesabu bei ya fundi na kusahau bei ya kupakua. Kisakinishi kamili cha Firefox ni makumi ya MB, ila faili la Linux Mint, mfumo endeshi wa bure tutakaoufikia hapo chini, ni karibu GB 3. Mwaka 2021 TCRA iliweka bei ya MB moja kati ya shilingi 2.03 na 9.35. Kwa bei ya chini, GB 3 ni kama shilingi 6,100. Kwa bei ya juu ni kama 28,000. Faili ni lilelile, na tofauti ni bando ulilochagua. Pakua kwa bando kubwa au la usiku, au kwa Wi-Fi ya chuo, au mwombe fundi akunakilie kwenye flashi, ukihakikisha kwamba alilitoa kwenye tovuti ya watengenezaji.

Kuna mwizi mwingine wa bando. Windows 10 iliyokaa miezi bila mtandao, ikiunganishwa na hotspot, huanza kuvuta masasisho bila kukuuliza. Nenda kwenye mipangilio ya Wi-Fi, fungua jina la hotspot yako, washa palipoandikwa Metered connection. Masasisho makubwa yatasubiri mpaka ufike kwenye mtandao wa bei nafuu.

Matangazo nayo hula bando na nguvu ya mashine. Kiongezi cha uBlock Origin bado kinafanya kazi kikamilifu kwenye Firefox na hakiuzwi. Kwa mashine ya zamani, kwenye kurasa za habari zilizojaa matangazo, faida yake utaiona siku hiyohiyo.

Elfu kumi na kitu: kupiga Windows upya

Hii ndiyo huduma inayouzwa zaidi na inayohitaji kuulizwa maswali mengi zaidi. Ina maana pale virusi vilipoharibu mfumo au pale Windows 10 ilipochafuka kwa programu za miaka. Mashine itaamka upya.

Fundi akiirudisha Windows 7 juu ya Windows 7, umenunua usafi na miaka sifuri. Chrome itabaki ileile 109, na ukurasa uliokataa asubuhi utakataa jioni. Gawanya bei kwa sifuri uone. Ukiambiwa kwamba mashine "haiwezi kubeba Windows 10", uliza kwa nini. Windows 10 ya biti 64 inataka RAM ya GB 2, ingawa kwa kiasi hicho itajikongoja.

Kama tayari una Windows 10, usikimbilie kuitupa. Microsoft imetoa mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi, hadi 13 Oktoba 2026. Njia mojawapo ni kulipa dola 30, zaidi ya shilingi elfu sabini. Njia nyingine ni kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe mtandaoni, nayo ni bure. Sharti ni kuwa na toleo la 22H2. Zaidi ya hapo, Microsoft imesema Edge itaendelea kusasishwa kwenye Windows 10 hadi angalau Oktoba 2028. Kivinjari chako basi kitaendelea kuishi baada ya mfumo uliokibeba kuacha kuzibwa matundu. Kwa kufungua matokeo ya NECTA, hilo linavumilika. Kwa ofisi inayoshika taarifa za wateja, halivumiliki.

Jambo la leseni nalo limo kwenye bei. Windows inayofunguliwa kwa programu za kuvunja leseni mara nyingi huzimwa masasisho yake kwa makusudi, na programu hizo zenyewe ni njia inayojulikana ya kupitisha virusi vinavyochota nywila kwenye kivinjari. Unajikuta umelipa elfu kumi na kitu, na nenosiri lako la benki limeenda juu yake.

Makumi ya elfu: RAM au SSD?

Ukurasa unafunguka lakini kila kitu kinaganda. Hapa ugonjwa ni vyuma, na wauzaji watakupendekezea chochote walicho nacho dukani. Usiulize muuzaji, iulize mashine. Fungua kurasa unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl+Shift+Esc na usome safu tatu.

Disk ikikaa karibu na asilimia 100 huku nyingine zimetulia, diski ngumu ya kuzunguka ndiyo inayokuchelewesha: nunua SSD, diski isiyozunguka. Memory ikipita asilimia 85, RAM haitoshi. CPU ikigota juu kwa ukurasa mmoja tu, kwanza safisha feni, maana vumbi la kiangazi cha Iringa huziba njia za hewa na prosesa ikipata joto hujipunguza kasi. Ikiendelea kugota baada ya kusafishwa, umefika mwisho wa uwezo wa mashine hiyo, na hakuna kipuri kitakachokusaidia.

Mara nyingi, mashine yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka hufaidika zaidi na SSD kuliko RAM. Mashine ya GB 2 inahitaji RAM kwanza, kwa sababu vivinjari vya leo hujaza GB 2 kwa kurasa chache. Kabla ya kununua RAM, jua kizazi chake. DDR2, DDR3 na DDR4 haziingiliani. Tena, mpakato nyingi za kuanzia prosesa za Intel za kizazi cha 4 zinataka DDR3L ya volti 1.35; ukiweka ya volti 1.5, mashine inaweza isiwake. Njia salama ni kuchomoa RAM ya zamani na kwenda nayo dukani.

Mashine ya DDR2 isiongezewe kitu. Hata ukipata kipuri, unakiweka kwenye ubao wa miaka ya 2000. Kwa SSD hofu ni ndogo, kwa kuwa ile ya inchi 2.5 unaweza kuihamishia kwenye mashine nyingine siku mashine ya kwanza itakapokufa.

Kuna jambo la soko. Tangu mwishoni mwa 2025 bei za RAM na SSD zimepanda duniani, kwa sababu viwanda vinashindania oda za vituo vya data vya akili unde. Bei aliyokutajia rafiki mwaka jana isikufanye umwite muuzaji wa Mwanjelwa, Mbeya, mwizi. Uliza maduka matatu siku moja, ukitaja ukubwa na jina la kampuni, na ujue kwamba SSD isiyo na jina yenye bei ya kushangaza inaweza kudanganya ukubwa wake.

Bure yenye masharti: Linux Mint na ndugu zake

Kwa mashine iliyoachwa na Windows, hapa ndipo hesabu inapogeuka. Linux Mint 22 ya Xfce inataka RAM ya GB 2 kwa uchache, ingawa GB 4 ndiyo inayofaa, na itapata masasisho hadi 2029. Firefox yake ni ya kisasa kabisa, ileile inayotumiwa kwenye kompyuta mpya. Mifumo ya kuombea mikopo, ajira na leseni hufunguka ndani ya kivinjari, hivyo haijali kama chini yake kuna Windows au la.

Mint 22 ni ya biti 64 tu. Usitishwe na Windows yako kuandikwa biti 32: prosesa zote za Core 2 Duo ni za biti 64, ila mtu aliwahi kuzipiga mfumo wa biti 32. Kompyuta ndogo zenye Atom N270 ndizo za biti 32 kwelikweli, na njia yao inazibwa pande zote: Chrome iliacha Linux ya biti 32 mwaka 2016, na Firefox ikafuata baada ya toleo la 144 la Oktoba 2025.

Sharti la pili ni programu na vifaa. Microsoft Office ya kusakinisha haipo. Kuna LibreOffice, inayofungua faili za Word lakini inaweza kusogeza jedwali na nafasi. Programu za hesabu zilizoandikwa kwa Windows huenda zisikubali. Printa ndiyo mtego mkubwa, hasa kwa mwenye steshenari. Dawa ni kujaribu kabla ya kusakinisha: weka Mint kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, chapisha ukurasa, unganisha Wi-Fi, fungua mfumo unaoutumia. Diski yako haijaguswa. Ikikubali yote, nakili mafaili yako pembeni kisha usakinishe.

ChromeOS Flex ya Google ni chaguo jingine la bure. Inataka RAM ya GB 4 na prosesa ya biti 64, na ni rahisi kwa asiyependa ufundi. Lakini karibu kila kitu kinapita mtandaoni, na haiwezi kuendesha programu za Android. Kwa anayeishi kwa bando la siku, Mint ni nafuu zaidi.

Malaki: mpakato wa mtumba

Ukifika hapa, kosa la bei kubwa zaidi liko kwenye namba moja. Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, ukiacha chache sana za kabla yake. Kwenye rafu, mashine zinafanana kama mapacha. HP EliteBook 840 G4 ni kizazi cha 7, G5 mara nyingi ni cha 8. Lenovo ThinkPad T470 ni vizazi vya 6 na 7, T480 mara nyingi ni cha 8. Dell Latitude 7480 ni vya 6 na 7, 7490 mara nyingi ni cha 8. Tofauti ya bei kati ya ndugu hao ni ndogo kuliko tofauti ya miaka.

Usisome kibandiko wala usiridhike kwa kuona Windows 11 imewaka. Mafundi wanaweza kuisakinisha kwa kukwepa masharti, na hapo Microsoft haikuhakikishii masasisho. Soma jina la prosesa kwenye mipangilio: i5-7200U ni kizazi cha 7, i5-8250U ni cha 8. Kisha fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, na ulinganishe uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Zima na uwashe, ingia BIOS. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, ondoka.

Je, uifuate Kariakoo, Dar es Salaam? Kwa nauli za daraja la kawaida zilizotangazwa na LATRA Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita, Iringa hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 500, ni kama elfu 24. Kwenda na kurudi ni karibu elfu 50. Mbeya, zaidi ya kilomita 800, kwenda na kurudi ni karibu elfu 80, kabla ya chakula na pa kulala. Punguzo la Dar lisipovuka kiasi hicho, umesafiri bure. Ukiagiza kwa basi unaokoa nauli lakini unapoteza nafasi ya kukagua, na mashine mbovu itakugharimu safari nyingine kuirudisha. Muuzaji wa hapa anayekubali kuandika dhamana ya miezi mitatu ana thamani kuliko wa mbali anayekupunguzia elfu thelathini.

Popote ununuapo, dai risiti ya EFD yenye aina ya mashine na namba yake. Ukiuziwa bandia au ukadanganywa sifa za bidhaa, risiti ndiyo itakayokupa pa kusimama mbele ya Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya 2003.

Kutonunua kabisa

Kwa mtu anayefungua mfumo wa serikali mara mbili kwa mwaka, kompyuta yoyote ni ghali. Simu inatosha kwa fomu nyingi, mradi nayo isiwe imeachwa: tangu toleo la 139 la Agosti 2025, Chrome inataka Android 10 kwenda juu. Penye kuambatanisha vyeti vingi, steshenari ni nafuu. Hata ukilipa elfu tano kila unapoomba kitu, itachukua miaka mingi kufikia bei ya SSD na fundi wake.

Gharama ya steshenari iko kwenye siri zako. Tumia dirisha la faragha, kataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila, toka kwenye akaunti, futa vyeti vyako kwenye folda ya vipakuliwa. Andika nywila mwenyewe. Mhudumu anayesema "nitajie tu nikuandikie" anaweza kuwa mtu mwema, lakini ombi la mkopo lina jina lako.

Mizani

Tuseme SSD na kazi ya kuweka Mint vimekugharimu laki moja mwaka 2026. Hadi 2029 ni kama elfu 33 kwa mwaka. Tuseme mpakato wa kizazi cha 8 umekugharimu laki tano na utakaa miaka mitano: ni laki moja kwa mwaka. Tuseme umepiga Windows 7 upya kwa elfu kumi na tano: bei ni ndogo kuliko zote, na miaka iliyonunuliwa haipo. Weka bei ulizotajiwa wewe kwenye hesabu hiyohiyo.

Kwa muhtasari:

- Tarehe inarudi nyuma: betri ya CR2032. Usikubali kingine kwanza.
- Windows 7 au 8.1, RAM GB 2 hadi 4, biti 64: jaribu Mint kwa flashi. Ukiridhika, ongeza SSD.
- Windows 10, RAM GB 4 au zaidi: jiunge na mwaka wa nyongeza bure, weka SSD kama safu ya Disk imejaa, kisha panga cha kufanya kabla ya Oktoba 2026.
- XP, DDR2 au Atom ya biti 32: usitoe shilingi kwa ajili ya mtandao.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asiye na mashine avumilie na steshenari mpaka apate kizazi cha 8. Mwenye mashine ya kaka yake aiwekee Mint na abakize pesa ya bando. Ofisi ya usharika au shule yenye kompyuta kadhaa za Windows 7 ianze na moja, ijaribu printa, kisha iendelee. Mwenye steshenari ahesabu tofauti: wateja wanamwachia namba za NIDA na nywila, kwa hiyo mfumo usiosasishwa unahatarisha akaunti za mtaa mzima, na kwake kizazi cha 8 ni mtaji wa kazi.

Na kwa yeyote anayekwenda kwa fundi kesho, maneno ya kusema mezani ni haya: "Fundi, kabla hujaipiga Windows, niangalizie tarehe, uniambie ni biti ngapi, RAM ni DDR ya ngapi, na hiyo Windows utakayoweka inasasishwa mpaka mwaka gani." Fundi mzuri atajibu yote manne kabla hajataja bei. Asipoweza kujibu la mwisho, chukua mashine yako uende meza ya pili.